Sindano Niliyokatazwa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kliniki, Kisii. Siku kumi za sindano za kukuza mayai, na leo nilitarajia ile ya mwisho, ya kuyaachilia. Daktari akaangalia skani, akahesabu. Mayai kumi na manne! Nilitaka kupiga vigelegele. Yeye akasema ni mengi mno. Nikidungwa sasa, ovari zitavimba, tumbo lijae maji, damu inaweza kuganda, hata nife. Niiache. Nisilale na mume wangu Ombui mpaka hedhi ije, halafu tuanze upya kwa dozi ndogo.

Miaka saba naanza upya.

Nimefika tu dukani kwangu Nyamira, mama mkwe akapiga simu: mimba ya Drusilla ni ya mapacha. Drusilla, mke wa Ochoki, mdogo wa Ombui. Mtoto wa nne na wa tano! Huyo hata vitamini hajawahi kumeza.

Jumanne, 4 Machi
Sindano nilikuwa nimeshainunua, iko kwenye friji ya duka, nyuma ya soda. Nikampelekea Bravin wa duka la dawa. Akauliza kama daktari amekubali. Nikasema ndiyo. Akadunga.

Ombui sijamwambia. Yeye amefurahi tu kwamba nimemtaka.

Jumamosi, 8 Machi
Kanisani, ni Sabato. Sketi haifungi. Roselyne wa kwaya akalitazama tumbo langu, akanong'ona: ni miezi mingapi? Sikukana. Nikainamisha kichwa, nikatabasamu — vile vile Drusilla hufanya! Punde si punde akina mama watatu wananipisha nikae. Drusilla mwenyewe akasimama ukutani, hakuna aliyemwona.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Jumatano, 12 Machi
Nimeongezeka kilo sita kwa siku nne. Natapika. Mkojo ni kidogo, rangi ya chai isiyo na maziwa. Daktari alinitajia yote haya, akasema nikiona hata moja nikimbie kwake. Lakini nitamwambia nini? Na kama ndiyo mimba yenyewe?

Ijumaa, 14 Machi
Siwezi kulala chali. Nahema hata nikikaa. Nimefungua duka, watu waone.

Jumapili, 16 Machi
Hospitali, Kisii. Ijumaa Drusilla alikuja kununua kitambaa, akanikuta nimepiga magoti nyuma ya kaunta, midomo imebadilika rangi. Nikajaribu kueleza. "Usiongee, dada." Akatoka barabarani akisimamisha magari kwa mikono miwili, na tumbo lake lile! Njia nzima alinishikilia nikae wima.

Wamenitoa lita tatu za maji tumboni. Nadungwa dawa ya kuzuia damu isigande. Jana daktari aliuliza mbele ya Ombui:

"Nani alikudunga ile niliyokukataza?"

Ombui akageuka. "Alikukataza nini?"

Nikasema ukweli. Kwamba Bravin nilimdanganya, na Ombui pia. Ombui akachukua koti lake akatoka. Hajarudi.

Jumanne watapima mimba. Kama imeshika, daktari anasema, maji yatazidi kabla ya kupungua. Nikamwambia naomba iwe imeshika. Akanikodolea macho.

Drusilla amesinzia kwenye kiti hapa kando, mikono juu ya tumbo. Anavuta pumzi ndefu, anaishusha, anavuta nyingine — wala hajui kwamba anapumua. Nimemwangalia saa nzima. Hata hilo. Hata hilo namwonea wivu.