Mfuniko wa Sufuria na Ufunguo wa Choo

Nyumbani,
Jumatano, tarehe 6 Novemba.
Asubuhi rasharasha na baridi ya kuvaa sweta. Mchana mawingu matupu.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umepungua maumivu tangu walipokupa mwenzako wa kusaidiana kuwainua wazee. Je, yule bibi unayemhudumia bado anakuita kwa jina la binti yake? Sisi huku hatujambo kiasi. Baba sikio lake la kushoto limezidi kuwa zito, na sasa anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Shemeji yako yuko zamu ya usiku wiki hii, hivyo nyumba imetulia na mimi nimepata meza.

Nianze na lililo kubwa, usije ukasoma moyo ukiwa juu juu. Mwanao Kijiti ameingia kwenye mtihani wa mwisho. Jumatatu alianza, na leo karudi ananung'unikia hesabu kama watahiniwa wote. Lakini wiki iliyopita ilibaki kidogo sana asiingie. Sikukueleza kwenye simu kwa sababu wewe hupiga ukiwa umesimama koridoni na mtu anakuita. Nimeona bora ulipate lote kutoka kwangu, kabla hujalipata nusu nusu kwa wengine.

Muhula uliopita nilikuandikia habari za vyoo vya shule yetu. Mimi ni karani tu, lakini dirisha la ofisi yangu linatazama uani, kwa hiyo nimeona mengi kuliko nilivyotaka. Watoto walikuwa wanavuta sigara mle ndani. Waling'oa koki. Walisokomeza sweta la shule kwenye bomba mpaka maji yakatembea ukumbi mzima na kuingia maabara. Msichana mmoja alipigwa na wenzake mle, na mmoja wao akashika simu akirekodi. Fundi bomba alipokuja kwa mara ya tatu alitoa sweta jingine, akalikamua, akaniambia, "Mama, mimi siji tena kutengeneza. Nakuja kuvuna." Nilicheka, ingawa hamu ya kucheka sikuwa nayo.

Basi Mkuu wa shule akafunga milango yote, ukabaki mmoja wa wasichana na mmoja wa wavulana. Funguo zikakabidhiwa mwalimu wa nidhamu, yule ambaye wanafunzi wanamwita Filimbi kwa sababu filimbi yake haivui shingoni hata akila. Funguo zikawa zinapotea, au zinakwenda mtaani kuchongwa nyingine. Filimbi akaingia jikoni, akachukua mfuniko wa ile sufuria kubwa ya maharage, akautoboa na kuufunga ufunguo wa wasichana kwa waya. Mwenye mfuniko ndiye mwenye ruhusa. Mfuniko wenyewe huwezi kuuficha na huwezi kuubeba kwa mkono mmoja. Ufunguo wa wavulana aliufunga kwenye mguu wa kiti kilichovunjika. Wao hawakujali, waliupigania kama rungu, na nusu yao wakahamia nyuma ya uzio.

Mama mpishi hakuulizwa. Tangu siku hiyo amekuwa akifunika maharage kwa sinia, mvuke unatorokea pembeni, na anayelalamika kwamba maharage ni magumu anaambiwa, "Nenda kamuulize Filimbi, ndiye aliyechukua mapishi."

Sasa fikiria msichana wa miaka kumi na saba anavuka uwanja mzima, chini ya madirisha ya ghorofani, ameushika mfuniko mbele yake kwa mikono miwili kama usukani. Wavulana waligundua siku ile ile. "Dereva! Piga honi, dereva!" "Dereva, abiria wamejaa, washushe!" Nilikuwa nasikia kila kipindi. Wasichana wakaona heri kujizuia. Wengi waliacha kunywa maji asubuhi ili wafike saa ya kutoka bila kwenda popote. Mwanao alikuwa mmoja wao, na mimi ninayelala naye nyumba moja sikujua. Chai yake alikuwa anammiminia Baba, na Baba kwa kuwa haulizi kitu, alikuwa anakunywa vikombe viwili.

Mwezi uliopita alishikwa na homa na maumivu ya kiuno. Nilimpeleka zahanati. Daktari, dada mmoja mpole, alimpima, akasema mkojo una maambukizi, akatupa dawa, na akamwambia anywe maji mengi na asijizuie hata kidogo. Aliandika cheti cha kupeleka shuleni. Nilikipeleka mwenyewe kwa Filimbi. Alikisoma hadi mwisho, akakikunja vizuri, akaniambia, "Mama karani, nikimruhusu mmoja kwa cheti, kesho nitaletewa vyeti mia. Aombe mfuniko kama wenzake." Nilichoka hata kubishana. Nikamwambia Kijiti avumilie, mtihani umekaribia.

Jumanne iliyopita akiwa kwenye kipindi cha hesabu aliomba kutoka. Mfuniko ulikuwa umechukuliwa na msichana wa darasa jingine. Akaambiwa asubiri. Akaomba tena, akaambiwa akae. Akasimama, akatoka, akavuka uwanja mikono mitupu, akaingia choo cha walimu na kujifungia.

Filimbi alimkuta humo. Aligonga, akapiga ile filimbi yake mlangoni, walimu wakatoka chumbani kwao kutazama kuna nini. Mwanao alitoka alipomaliza, akanawa mikono, akajibu kila alichoulizwa kwa heshima. Kisha Filimbi akamuuliza mbele ya watu, "Kwani wewe ni nani hata usibebe mfuniko?" Naye akasema, "Basi na wewe mwalimu ubebe siku moja, tukupigie honi."

Walimu waliangua kicheko. Nadhani hicho kicheko ndicho kilichomponza. Choo wangeweza kumsamehe. Siku ile ile alisimamishwa shule mpaka mzazi au mlezi afike, na aliyesimamishwa haingii chumba cha mtihani. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Barua ya kumwita mzazi huchapwa na karani. Kwa hiyo niliichapa. "Unatakiwa kufika ofisini bila kukosa," halafu jina langu. Nikampelekea Mkuu akaweka sahihi, nikagonga muhuri, nikaitia kwenye bahasha na kurudi nayo nyumbani. Shemeji yako akaniuliza kama wamenitumia barua. Nikamwambia nimeichapa, nimeigongea muhuri, nimeibeba na nimeipokea, kilichobaki ni kuhudhuria. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaona uso wangu akanivutia kiti.

Ijumaa nikaenda. Umbali ni kutoka meza yangu hadi mlango wa Mkuu, na bado nilivaa viatu vya kanisani. Kile kiti cha mbao wanachokalia wazazi nimewaelekeza watu wengi sana, lakini sikuwahi kukikalia. Kumbe mguu wake mmoja ni mfupi, na mtu anatikisika kila anapozungumza. Mkuu kwa mazoea akaniambia, "Karani, andika waliohudhuria." Nikamwambia, "Leo niandike mimi, Mkuu." Akatafuta kalamu mwenyewe.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia Filimbi, lakini alipozungumza nilikosa nguvu. Alisema siku fundi alipokataa kuja, sweta la nne alilitoa yeye kwa mkono wake. Alisema mzazi wa yule msichana aliyepigwa chooni alimshika shati pale pale getini akimuuliza alikuwa wapi. "Mimi nimechoka, mama," akasema. "Nikifungua wanavunja. Nikifunga naitwa katili." Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Nilimwelewa, na kumwelewa kukaniongezea uchovu, maana ilibidi nimpinge vile vile.

Walichotaka ni Kijiti asimame mbele ya shule nzima Jumatatu asubuhi, ameshika mfuniko, aombe radhi. Nikasema hapana. Nikasema mtoto ni mgonjwa na cheti wanacho, na wale wavulana wakimuuliza kwa nini anakwenda mara kwa mara, nani atawajibu? Nikasema akiomba radhi ataomba humu humu ofisini, nami nitakuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki. Sauti yangu ilitetemeka, au labda ni kile kiti. Mkuu alitazama kalenda, akatazama saa, akasema sawa. Sijui kama ni huruma au ni kengele ya chakula.

Nikatoka kumwita. Alikuwa kwenye benchi la koridoni, magoti pamoja, amenyooka kama jina lake. Nikamweleza. Akaniuliza, "Mama mdogo, kwani nimekosa nini?"

"Ulimjibu mwalimu mbele ya wenzake."

"Hilo ni kweli. Jingine?"

Nilitafuta jingine, dada. Nikamwambia sina.

Akaingia. Alisimama mbele ya Filimbi akasema, "Mwalimu, naomba radhi kwa maneno niliyokujibu. Hayakuwa ya heshima. Kwa kwenda chooni siombi radhi, kwa sababu nilikuwa naumwa." Basi. Mkuu akaacha kuandika. Mimi niliyashika magoti yangu, nikaona mwaka mzima wa masomo, na fedha zako za mgongo mbovu, vyote vimening'inia hapo kati ya wale wawili. Filimbi akasema, "Nimepokea." Na akaongeza, sauti ya chini, "Unaendeleaje sasa?"

"Nafuu, mwalimu."

Mkuu akaandika kwamba mwanafunzi ameomba radhi na anarejea. Ndivyo tulivyopona.

Nakuomba jambo moja. Ukipiga simu Jumapili, usimgombeze na usimpongeze. Amegombezwa vya kutosha, na wenzake wanampongeza mpaka anaona haya. Muulize mtihani unaendaje. Ana wasiwasi kwamba utasema amekuwa na kiburi kwa kuwa analelewa mbali nawe. Mimi nimekaa naye miaka yote hii na sijakiona hicho kiburi. Ni mtoto anayesema kitu mara moja na kunyamaza, kama marehemu mama.

Na ukiweza, mwambie anywe maji. Kwangu amezoea kusema ndiyo bila kunywa.

Sasa sikia kilichofuata, halafu nikuache upumzike. Ijumaa hiyo hiyo jioni, nikiwa tayari nimeshika mkoba, Mkuu akaniita nichape tangazo: kuanzia Jumatatu vyoo vyote vitakuwa wazi kutwa nzima. Wasimamizi wa mtihani wanatoka nje ya shule, na hakutaka wakute mtoto anakatiza uwanjani na mfuniko wa sufuria. Filimbi akafungua droo yake, akatoa fungu la funguo kubwa kama ngumi, akaenda kufungua mlango mmoja mmoja. Ile milango tuliyokuwa tukiambiwa makufuli yake yameharibika ilifunguka bila hata kulia. Mama mpishi alirudishiwa mfuniko wake. Aliusugua kwa mchanga kutwa, akaliziba tundu kwa kipande cha mbao, akaniambia, "Wageni wakiondoka na Filimbi akaja kuutafuta, mwambie umeungua."

Watauhitaji, naogopa. Leo hii, siku ya tatu tu, koki moja imeshang'olewa upande wa wavulana, na mle ndani kunanuka sigara. Tangazo la kufunga nalo nitalichapa mimi, maana ndiyo kazi yangu. Siku hiyo Kijiti atakuwa amemaliza shule, lakini wadogo zake wa kidato cha tatu hawatakuwa wamemaliza, na sijui nitawatazamaje kupitia lile dirisha. Nimefikiri kumwomba Mkuu aweke mtu mlangoni badala ya kufuli, mama mmoja mtu mzima wa kukaa pale na kuwajua watoto kwa sura. Nitaomba wiki ijayo. Ataniambia hakuna fungu la fedha. Nitaomba tena.

Jumatatu Kijiti alirudi kutoka kwenye karatasi ya kwanza, akaweka begi, akanikuta jikoni namenya viazi. Nilitegemea aniambie maswali yalikuwaje. Akasema, "Mama mdogo, milango yote inafunguka. Kumbe funguo zilikuwepo siku zote." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu ambacho ameshakilipia. Nikaendelea kumenya, naye akachukua kisu kingine akanisaidia.

Baba anakusalimu sana na anauliza kama huko uliko kuna jua. Ukimjibu, paza sauti. Shemeji yako anakusalimu. Shangazi alipita Jumapili, akasema ameota umerudi ukiwa umenenepa, tumeipokea hiyo ndoto kwa mikono miwili. Kijiti atakuandikia mwenyewe akimaliza karatasi ya mwisho. Nisalimie mwenzako wa kuinua wazee, na yule bibi pia, kwa jina lolote atakalokuita.

Mungu akulinde huko, akupunguzie ngazi za kupanda na akuongezee saa za kulala.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata siku ambazo nimechoka na mengine yote,

Mama mdogo wa Kijiti.

Alhamisi asubuhi, kabla sijafunga bahasha: mvua imekatika. Jana usiku niliweka kalamu mapema, nikalala macho, nikimsikia mwanao chumba cha pili akisoma kwa kunong'ona hadi akanyamaza. Usingizi ulinichukua saa saba na nusu usiku.