Mgeni wa Mataifa Chumbani mwa Mugole

Kaisho, Karagwe

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mkweo Kamuhanda, ambaye amesimama nyuma yangu akinicheka jinsi ninavyobananisha maneno ili karatasi itoshe. Kifua chako kinaendeleaje? Mama bado anakugombeza kwa kulala dirisha wazi? Na michungwa ya nyuma ya nyumba, imezaa mwaka huu, au nyani wametangulia tena?

Sisi ni wazima. Mimi ni zaidi ya mzima, Baba. Kamuhanda akirudi jioni kutoka kuwaonyesha watu namna ya kupogoa mibuni, viatu vimejaa tope, namsikia tangu anapoingia migombani, na moyo wangu unafika mlangoni kabla ya miguu. Usimsomee Mama sehemu hii kwa sauti. Au msomee tu, atafurahi.

Katika barua yako uliniuliza kama ni kweli wapo hao wageni wa baraza la mataifa, wanaozunguka nchi kusikiliza watu, au ni habari za magazeti. Ulisema kule vitani Burma mliahidiwa kwamba vita vikiisha mataifa yatakaa kikao kimoja na kuzungumza, nawe ukasema utaamini siku utakayowaona. Mimi nimewaona. Mmoja wao aliketi kwenye nyasi zilizotandikwa chumbani mwangu akatafuna kahawa.

Lakini kwanza uijue shida yangu. Huku bibi harusi, wanamwita mugole, hukaa ndani baada ya arusi. Halimi, hapiki, haonekani na wapita njia, ananenepa tu. Tulifunga ndoa kanisani, lakini mama mkwe alisema kanisa lina yake na nyumba ina yake. Na wa kumtoa mugole nje ni mmoja tu: shangazi wa bwana harusi. Yeye ndiye humshika mkono, humpeleka migombani na kumkabidhi jembe. Kamuhanda ana shangazi mmoja, Kokubanza, dada wa pekee wa baba mkwe, naye ameolewa ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Wabelgiji. Tulipofunga ndoa, ng'ombe walikuwa wanaugua, basi kivuko kikafungwa kwa watu na wanyama. Arusi ikapita bila yeye. Nikakaa ndani mwezi, ukapita, nikakaa mwingine. Mwalimu mkuu wa shule ya misheni alikuwa amenipa kazi ya kufundisha wasichana, akatuma neno kwamba shule ikifunguliwa nami sijatoka, atamchukua mtu mwingine. Nililia, Baba. Kamuhanda akanifuta machozi kwa leso aliyonipa siku ile tulipokutana, basi nikawa nalia kwa kuikumbuka siku ile badala ya shida yenyewe.

Ndipo habari ikaja kwamba wageni wa mataifa watapita, na kila mwenye shauri aandike. Wazee wakajaa sebuleni, nami nyuma ya ukuta wa matete. Baba mkwe akaita, "Mugole, wewe umesoma. Tuandikie."

Nikaandika kwa moyo wangu wote. Nikaeleza mto uliotenganisha ndugu, na pendo lisilojua mipaka, na ukungu wa asubuhi. Kamuhanda akawasomea. Mzee mmoja akakohoa, "Waitu, jamani, hii ni barua ya malalamiko, au huyu binti anaposa?"

Wakacheka mpaka rubisi, pombe yao ya ndizi, ikamwagika. Nikaandika nyingine fupi: kivuko kimefungwa, shangazi yuko ng'ambo, mugole hawezi kutoka.

Wakati wanasubiri wino ukauke, baba mkwe alinihadithia jambo ambalo sikulisoma shuleni. Alisema baada ya vita vya kwanza Wazungu waliigawa nchi ya ng'ambo kwa kalamu, kipande kikaletwa upande huu. Mfalme wa kule akalalamika, na baraza la mataifa lile la kwanza likasikia, likakirudisha kipande chake, mto ukawa mpaka. "Walitenda haki," akasema. "Ila haki yenyewe ilipita katikati ya dada yangu na mimi." Nimelifikiria sana neno hilo. Wewe unalionaje?

Siku wageni walipokutana na watu, Kamuhanda alikwenda na barua yetu. Mmoja wa wageni alikuwa mama wa makamo, akauliza kupitia mkalimani ni nani aliyeiandika.

"Mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Hawezi kuonekana. Ni mugole."

Yule mama akasema basi atakwenda yeye. Bwana Shauri, Mzungu wa serikali aliyewaongoza, akatazama saa yake, akatazama anga, lakini afanyeje? Wakaja.

Mama mkwe akasimama mlangoni kama askari. "Anayeufunua uso wa mugole hutoa zawadi," akasema. "Hata akitoka kwa mataifa yote." Mgeni akavua kitambaa chake cha shingoni, cha hariri ya buluu, akampa, akaingia. Tukampa kahawa ya kutafuna. Akaitafuna kwa adabu, uso ukamkunjamana, akameza! Nikazungumza naye kwa Kiingereza changu cha shule. Nilikuwa na maswali mengi kuliko yeye. Nikamwuliza kama ni kweli wamepeleka askari wa nchi nyingi wakasimame jangwani katikati ya wanaogombana, wasimpige mtu. Akasema ni kweli. Nikauliza, "Na wagombanao wakiwaambia waondoke?" Akasema, "Wataondoka."

Mama mkwe akaona tunachelewa. "Mwulize, atakifungua kivuko?"

Akajibu kwamba wao hawaamuru. Wanasikiliza, wanaandika, wanakwenda kusoma mbele ya baraza, na serikali inaulizwa.

"Basi wametembea bure!" akasema baba mkwe kutoka sebuleni.

"Si bure," mama mkwe akamjibu. "Huyu ni kama shangazi. Shangazi ana amri gani katika nyumba ya kaka yake? Hana. Lakini akija, mbona unafagia ua?"

Wiki chache baadaye tarishi akaleta neno: watu wavuke, ng'ombe wasivuke. Kamuhanda anasema ni kazi ya wageni. Baba mkwe anasema ugonjwa ulikuwa umepungua tu, na kivuko kingefunguliwa hata wasingekuja. Wanabishana mpaka leo, nami sijui niwe upande gani.

Shangazi Kokubanza akafika, mwembamba, mcheshi, nguo zimelowa mpaka magotini. Akanitazama akasema, "Huyu ndiye? Nilidhani kwa muda wote huu nitakuta kiboko!" Akanishika mkono. Baba, jua lile! Nilisimama migombani na jembe nikilia na kucheka, na Kamuhanda ananitazama kama hajawahi kuniona. Shule ilifunguliwa Jumatatu, nikawa darasani.

Jambo moja limebaki. Shangazi ndiye humpa mugole mtamba, na mtamba wangu alizuiwa kivukoni ng'ambo ya pili. Jumamosi tuliteremka mtoni kumsindikiza shangazi. Alipovuka, akamsogeza mnyama mpaka kwenye mafunjo, akapaza sauti, "Mugole! Mwenye baka jeupe begani! Ndiye wako!" Mtamba akainua kichwa, akanywa maji, akarudi malishoni kwake. Basi mwambie Mama kwamba binti yake sasa ni tajiri wa ng'ombe mmoja katika nchi ya watu, na kwamba ameshaanza barua nyingine kwa mataifa, fupi, bila ukungu wa asubuhi.

Nisalimie Mama sana, na bibi anayeuza maandazi yake kwa ukali uleule, na kaka yangu fundi baiskeli, aambiwe barabara za huku zingemtajirisha. Mdogo wangu wa mwisho abusiwe mashavu yote mawili. Shangazi yangu wa Muheza mpe heshima zangu za pekee. Sasa najua yeye ni nani.

Nakukumbuka kila siku katikati ya furaha yangu, Baba.

Mwanao akupendaye,
Esta, mke wa Kamuhanda