Kivinjari Kilichojibu Posa

Mtaa wa Mahazoarivo,
Antsirabe.
14 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Nivo,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya Antsirabe, ambayo mwaka huu imekuja na meno. Hujambo lakini? Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji yangu, bado anafanya kazi zile za usiku? Wanangu Mialy na Hery nadhani wameshafunga shule na sasa wanakumalizia chakula ndani. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Tojo anakohoa kidogo kila asubuhi, ila kikohozi chake unakijua, ni cha kuombea kahawa.

Umenitumia ujumbe juu ya ujumbe ukiuliza kulikoni siku ya posa, mbona picha ilikatika ukabaki unaangalia kigurudumu kinazunguka. Nimeona nikujibu kwa kalamu. Kalamu hii niliiacha mezani jana, na leo asubuhi nimeikuta vilevile, wino uko upande uleule, wala haijaniuliza kama ningependa inisaidie kuandika.

Maana dada yako nimechoka, Nivo. Pale kibandani pangu pa kuchapa na kunakili, kile kivinjari cha kwenye kompyuta kila nikikifungua asubuhi nakuta vitu vimehamishwa. Kitufe cha kuchapa, ambacho mkono wangu unakijua hata nikifumba macho, leo kiko juu, kesho kimefichwa ndani ya vinukta vitatu, keshokutwa mahali pake pamekaa picha ya kikapu, eti ninunue viatu. Niliomba viatu mimi? Mteja amesimama anataka cheti cha mtoto wake, na mimi natafuta kitufe ndani ya kitu changu mwenyewe kama mgeni anayetafuta choo. Kikitaka kujisasisha kinaniuliza kwa upole: sasa hivi, au baadaye kidogo? Neno hapana halipo. Jamani, hata mtoza ushuru wa sokoni unaweza kumwambia hapana, japo hatakusikia.

Sasa kitu hichohicho ndicho kilichotaka kumkosesha mwanetu Fidy mke.

Unajua Mzee Razafy wa Betafo, baba yake Rindra, hakuwa ametukubali moyoni. Si kwamba anamchukia Fidy. Rindra ndiye kitinda mimba wake, mama yake alishafariki, na akiolewa nyumba ile inabaki na mzee na redio yake. Kwa hiyo alikuwa anatafuta sababu, na mtu anayetafuta sababu haikosi. Siku ya posa aliichagua mwenyewe kwa kuwauliza wazee wanaojua siku njema na siku mbaya, akasema ikiharibika hiyo, tusubiri mpaka mpunga wa mwakani uvunwe. Wakati huo Fidy atakuwa ameshaanza kazi Toamasina, na uchumba wa mbali unajua unavyopoa.

Halafu na kaka yako Solofo naye! Msemaji wa ukoo mzima, mtu tunayemtegemea kwenye harusi na kwenye misiba, akaona wiki ileile ndiyo ya kupanda juu ya bati kuziba tundu huko kwake Mahajanga. Nilimpigia nikamwambia ashuke, atafute fundi. Akacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na lake limevunjika kwelikweli, limefungwa plasta mpaka pajani.

Mzee Razafy hakutaka msemaji wa kukodi. Alisema binti yake haombwi na mtu wa kulipwa. Tojo unamjua, mbele za watu hutoa jasho kabla hajatoa neno. Ndipo Fidy akapendekeza mjomba wake asemee hukohuko Mahajanga na sisi tumwone kwenye kompyuta. Mzee akasema haya, lakini mashine hiyo ikimwaibisha mbele ya ndugu zake, tubebe paja la kondoo, zawadi yetu ya posa, turudi nalo Antsirabe.

Siku yenyewe tulipendeza, mdogo wangu, ungetuonea wivu. Tulijitanda lamba, zile shuka zetu nyeupe, mabegani, hata Tojo alinyoa. Kompyuta ya Fidy, ile ya kugusa kioo, tuliifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga, na Fidy aliniapia kwamba milango yote ya kujisasisha ameifunga. Tulipofika Betafo ikawekwa kwenye meza ndogo mbele ya Mzee Razafy, karibu kabisa na magoti yake, kwa sababu msemaji wa wageni lazima atazamane na mwenye nyumba. Huo ndio utaratibu, nao ndio uliotuponza.

Solofo mwanzo ulimwona mwenyewe. Alianza na radhi kama inavyotakiwa. Radhi kwa wakubwa kwamba yeye si mkubwa, radhi kwa wadogo kwamba amewatangulia kusema, kwa waliofika, kwa walioshindwa kufika, kwa waliolala makaburini. Alikuwa anapaa kabisa. Mzee Ratsimba, msemaji wa upande wa binti, ambaye sifa yake ni kuwatoa wageni jasho, nilimwona anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamfinya Tojo, nikasema moyoni leo tumepata mkwe.

Kisha kikaja kigurudumu.

Hapo ndipo wewe ulipokatika. Kioo kikawa cha buluu, pameandikwa tafadhali subiri, tunakuboreshea. Mzee Razafy akauliza kinafanya nini. Fidy akajibu kwa adabu kwamba kinajisasisha ili kiwe bora zaidi.

"Kwani kilikuwa kinaumwa?" Mzee akauliza.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini roho yangu ilikuwa mkononi. Tukakaa tunakitazama kile kigurudumu, ukoo mzima wa kwao na ukoo mzima wa kwetu, kama watu waliokuja kumwangalia mgonjwa. Harufu ya wali ilikuwa inatoka jikoni, na Rindra alichungulia mlangoni mara kwa mara, uso umempauka.

Mwisho Solofo akarudi, bado anaomba radhi. Masikini hakujua hata kama alipotea. Lakini hakurudi peke yake. Pembeni yake palikuwa pameota kisanduku cha rangi, msaidizi mpya ambaye hakuitwa na mtu, mwenye sauti ya msichana wa matangazo ya redio, anasema lugha yetu kama mtu aliyejifunza juzi. Hakusalimia. Hakujitambulisha. Akamkata Solofo katikati ya marehemu, akasoma kwa sauti kubwa:

"Muhtasari. Msemaji anaomba radhi sana. Anataka mke kwa ajili ya kijana. Nijibu kwamba mmekubali?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wewe umekaa sana Ulaya lakini hujasahau: kwetu mtu akifikia shida yake kabla ya kumaliza radhi, amemfanya mwenye nyumba muuza nyanya. Na kile kitu hakikuwa kimeomba radhi hata ya kusingizia.

Mzee Razafy akainama akifunge. Nivo, hawa watengenezaji wa vitu hivi wana akili ya kishetani. Alama ya kufungia wameikondesha mpaka inalingana na yai la chawa, na ile ya kukubali wameinenepesha kama kitumbua. Kidole gumba cha mzee ni cha mtu aliyelima mpunga maisha yake yote. Alilenga yai la chawa, akaangukia kitumbua.

Tarumbeta ikalia. Karatasi za rangi zikamwagika kioo kizima, na yule msichana wa redio akatangaza kwamba wamekubali, hongereni sana.

Solofo kule Mahajanga akabaki kinywa wazi. Miaka yote hiyo ya kusema, hajawahi kukubaliwa kabla hajafika kwenye mifano ya ng'ombe. Na unajua nini? Akakasirika.

"Mnakubalije jamani, mimi bado naomba radhi!"

Watu walicheka mpaka lamba zikawaanguka mabegani. Mama mmoja wa upande wao alilazimika kutolewa nje akapigwe na hewa. Lakini Mzee Razafy hakucheka. Alisimama, akachukua kofia yake msumarini. Mtu akichukua kofia ndani ya nyumba yake mwenyewe, ujue wanaoondoka ni wageni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba umri wote huu hajawahi kusemewa na mtu mwingine nyumbani kwake, tena juu ya binti yake.

Kicheko kikafa palepale. Nikalitazama paja letu la kondoo, nikaanza kupiga hesabu jinsi ya kulifungasha.

Mzee Ratsimba ndiye aliyeokoa dakika ile. Aliuliza, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote, kwamba anayesema mbele ya wakubwa bila radhi hutozwa faini na kuomba msamaha, je, mashine hii inajua kuomba radhi? Fidy akatafuta. Masikini mwanangu alitafuta kila mahali. Akakuta pa kubadilisha rangi, akakuta viatu, akakuta hali ya hewa ya mji ambao hakuna aliyewahi kufika. Radhi haikuwemo.

Basi akaifunga. Akaiweka sakafuni, nyuma ya miguu yake, akasimama. Bwana harusi siku hiyo hafungui mdomo, hilo linajulikana, na Tojo alimvuta koti aketi. Hakuketi.

"Baba," akasema, "kile kitu sikukiomba, kilijileta chenyewe. Lakini humu ndani nilikileta mimi. Naomba unisamehe."

Nivo, mwanao amekua. Nilimzaa mimi, lakini siku ile ndiyo nilimwona. Hakutupa lawama kwa mashine, hakujitetea kwamba milango aliifunga, na kweli aliifunga. Mzee Razafy alimwangalia kwa muda, kofia iko mkononi. Kisha akairudisha msumarini.

"Binti yangu sikumlea kwa muhtasari," akasema. "Mwambie mjomba wako aanze upya, tangu radhi ya kwanza."

Akaingiza mkono kwenye koti lake, akatoa simu yake mwenyewe, kitochi kilichofungwa mpira ili betri isidondoke. Simu hiyo haijui kitu isipokuwa kupiga na kupokea. Tukampigia Solofo, tukaiweka simu ndani ya bakuli tupu la wali ili sauti ikue, na wote tukalisogelea lile bakuli.

Kama kuna kitu Solofo anakipenda duniani ni kuambiwa aanze upya. Aliomba radhi zote na akaongeza nyingine kwa ajili ya mashine. Mzee Ratsimba akamjibu, naye akajibiwa, wakapigana mafumbo ya ng'ombe na mvua mpaka wali jikoni ukashika chungu, na hakuna aliyelalamika. Watu walipiga makofi kila mmoja alipofunga hoja. Sisi tukatozwa jogoo kwa kosa la kivinjari, na Tojo akalikubali deni hilo kwa jasho jingi na neno moja. Nilicheka mpaka machozi.

Kisha wasemaji wakanyamaza. Sasa ilikuwa zamu ya mwenye nyumba. Alikaa akiangalia mikono yake. Mwisho akamwita Rindra kutoka jikoni, jambo ambalo halifanyiki, na Rindra akaja mikono inachuruzika maji.

"Na wewe hakuna aliyekuuliza," baba yake akamwambia. "Unamtaka huyu?"

"Namtaka, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akatugeukia sisi, akasema maneno ambayo nitakufa nayo.

"Ile 'ndiyo' ya kwanza niliporwa. Hii naitoa mwenyewe. Mchukueni mwanangu."

Nikamkumbatia yule mzee, Nivo, utaratibu au si utaratibu, tukalia wote wawili kama watoto.

Harusi ni Septemba, Jumamosi ya pili, kanisani hapahapa Antsirabe. Solofo atakuwa ametolewa plasta, na ameshaanza kutuonya kwamba hotuba itakuwa ndefu. Wewe usije kwa kioo. Kata tiketi mapema, uje na miguu yako, na kiti chako nitakiweka ubavuni mwa Mzee Razafy, maana ameniuliza kwa jina kama yule dada wa ng'ambo atakuwepo.

Nisalimie sana shemeji yangu, na wanangu Mialy na Hery uwabusu kwa niaba yangu. Tojo, Fidy na mkwe wetu Rindra wanakusalimu. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na kila ndiyo utakayoitoa duniani iwe umeitoa mwenyewe.

Ni mimi dada yako akupendaye na anayekungoja,

Sahondra