Misa ya Mtu Aliye Hai

Bogotá, Jumatano mchana

Kaka Eudoro mpendwa,

Mama yuko jikoni anakoroga supu, na ameniagiza nitangulize baraka yake kabla ya neno lingine lolote: Mungu akulinde barabarani, na Bikira akufunike kwa vazi lake. Baada ya baraka hiyo pokea salamu zangu mimi mdogo wako. Mgongo unaendeleaje? Wifi Yolima na watoto hawajambo? Sisi huku miili yetu ni mizima. Mvua inanyesha tangu asubuhi, goti la Mama linamuuma kama kawaida yake, na anauliza kwa nini Jumapili mbili hujaja kula. Nilimwambia una safari nyingi. Akasema hata Papa hupata nafasi ya kula.

Najua utashangaa kuletewa barua na mtu mnayekaa naye mji mmoja. Lakini simu yako hushinda mbele ya usukani, na kila anayepanda kukusalimu kituoni huipokea, na haya niliyo nayo hayafai masikio mengine. Nampa wifi akutie mkononi. Tafadhali usiisomee kituoni.

Nianze na kazi, maana naambiwa huko mnaizungumza kuliko sisi wa ofisi ya mipango tunaoifanya. Ni kweli, mabasi ya mwendokasi yatapita Barabara ya Kumi. Njia za katikati zitakuwa za mabasi marefu peke yake, abiria watalipa kabla ya kupanda, na mabasi kama lako yataondolewa. Haya si mapya kwako. Nilikuambia mwenyewe Krismasi, ukaacha maandazi ya jibini kwenye sahani ukachukua koti ukaondoka, na Mama akaniuliza nimekufanya nini. Nilitaka kukukumbusha yule bibi aliyeanguka mlangoni pa basi lako siku ile mlipokuwa mkifukuzana na basi la Nemesio kugombea abiria, na jinsi ulivyokuja kukaa sebuleni kwetu. Ulisema kazi hii itakufanya muuaji siku moja. Nami ninapochora kituo pale kwenye kona aliyoangukia, simchorei meya wala mtu mwingine. Nakuchorea wewe.

Sasa nikuambie kilichotupata nyumbani. Alhamisi iliyopita Mama aliokota bahasha chini ya mlango. Hakuwa na miwani, lakini alipopapasa karatasi ngumu na kuona ukingo mweusi na msalaba wa dhahabu, alijua ni kadi ya misa ya marehemu. Akaja nayo chumbani kwangu huku ameshajifanyia ishara ya msalaba, akauliza, "Nani katutoka, mwanangu?"

Nikaisoma. Ilisema itatolewa misa kwa pumziko la milele la roho ya Aracely Pinzón Sáenz, jina langu mimi.

Kaka, mimi na wewe tumekulia nchi hii. Tunajua maana ya kadi ya misa ikimfikia mtu ambaye bado anapumua. Yule mwalimu wa mtaa wa juu aliletewa, na wiki haikuisha akahama na godoro lake. Duka lililo mbele ya makaburi huziuza bila kumuuliza mtu anamzika nani. Wanaotisha watu hununua moja, huandika jina na kuisukuma chini ya mlango, basi. Nafasi ya siku na saa ya misa huiacha wazi, kwa kuwa misa yenyewe haipo. Lakini yangu ilijazwa. Jumapili hii, saa kumi na mbili asubuhi, kanisa la Mtakatifu Roque. Na mkutano wa kuwaeleza wenye mabasi na wakazi ule mpango ni Jumamosi, na msomaji ni mimi. Nilipoziweka siku hizo mbili pamoja kichwani, nilikaa kitandani.

Mama alikuwa bado amesimama mlangoni anasubiri jina. Nikamwambia ni mwenzangu wa ofisini, anaitwa Carmenza. Lilikuwa jina la kwanza kunijia. Mama akasema maskini, alikuwa mdogo? Nikasema rika langu. Akauliza kama ana mama. Nikasema anaye.

Basi tangu jioni ile nyumba yetu ina matanga. Unamjua Mama, haiachi roho isafiri peke yake. Amewasha mshumaa, ameweka glasi ya maji juu ya kabati ili marehemu akipita na kiu anywe, na kila jioni ananiita tupige magoti, tumsalie Carmenza rozari, siku tisa kamili. Leo ni ya saba. Mimi hujibu sala nikijua ni mimi ninayeombewa pumziko. Juzi usiku nilishikwa na kiu nikaichukua ile glasi nikanywa yote bila kufikiri. Asubuhi Mama aliikuta tupu, akafurahi mno. Akasema, "Unaona? Alikuwa na kiu, maskini. Na wewe ulikuwa unasali kwa uvivu." Nilicheka, Kaka, halafu nikaingia bafuni nikafungua bomba ili asinisikie.

Sijawahi kuogopa namna hii. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nyuma yangu, naingia duka lolote lililo wazi. Nimeshanunua vifungo nisivyovihitaji na kilo ya misumari. Ofisini nimehamisha meza mbali na dirisha, nikasema ni kwa ajili ya baridi. Muuza gesi alipogonga mlango juzi nilimzuia Mama kwa mkono asifungue, akaniangalia kama nimeingiwa na wazimu. Silali vizuri. Chakula hakipiti. Najichukia kwa woga huu, lakini kuuficha kwako hakutanisaidia.

Nilimwonyesha kadi bosi wetu, Mhandisi Otálora. Aliisoma, akairudisha kwa ncha za vidole kama kitu kilichomwagiwa mafuta ya taa. Akasema niugue. Alisema hivyohivyo: ugua, Aracely, hakuna atakayekulaumu, mimi nitausoma mpango mwenyewe kwa kifupi. Si mtu mbaya, ana watoto na anataka kuwaona wakikua. Lakini najua hicho kifupi chake kitakata wapi.

Hapa nisikilize vizuri, maana hili hamkuambiwa. Katika mpango huo mna kipengele nilichokipigania mwaka mzima mpaka wenzangu wakawa wananikimbia kwenye kahawa. Kinasema mwenye basi moja asilipwe tu bei ya chuma chakavu akaambiwa kwaheri. Watu wa basi mojamoja wanaruhusiwa kuungana na kumiliki basi refu kwa pamoja, na wao ndio wa kwanza kuajiriwa kuliendesha, kwa mshahara, bila kufukuzana na mtu. Kisiposomwa mbele ya watu na kuingizwa kwenye kumbukumbu za mkutano, kimekufa. Na aliye radhi kife ni don Belisario wenu, anayewakaribisha nyama ya nguruwe kila mwisho wa mwezi na kuwaambia wale wa ofisini wanakuja kuwanyang'anya mkate. Yeye ana mabasi ya kujaza uwanja. Ninyi wadogo mkiondoka, mabasi marefu yote yatakuwa yake. Alikuja ofisini na kofia mkononi, mpole kama shemasi, akaniambia binti, hicho kipengele kitawachanganya watu wangu, kitoe. Nilimwambia hao si watu wake, ni watu wa mama zao. Akacheka. Wiki haikupita, kadi ikaja.

Jumatatu nilishindwa kuvumilia. Ile saa iliyoandikwa ilikuwa inanila. Nikajitanda kile kitambaa cheusi cha Mama, nikaenda kanisa la Mtakatifu Roque kuuliza kama kweli kuna misa ya jina hilo, nikitumaini padre ataniambia hakuna, ni vitisho tu kama vya wengine. Padre Ligorio ni mzee, husikia kwa sikio moja. Nilimwambia mimi ni jamaa wa Aracely Pinzón. Akasema ah, ndiyo, ipo Jumapili, imelipiwa.

Kaka, nilishika benchi. Nani hulipia misa ya mtu anayetaka kumuua?

Kumbe padre aliikumbuka vizuri kwa sababu ilimletea ubishi. Alisema alikuja mwanamume mmoja, ana kitambaa chekundu begani, anashika kiuno kila akiinuka, na kila mara anachungulia nje kwa sababu aliegesha basi vibaya na wenzake wanampigia honi. Alikuwa na kadi mkononi, na fedha ya misa alitoa sarafu tupu. Padre akataka kuliandika jina pamoja na marehemu wa Jumapili, kama kadi ilivyosema. Yule mtu akakataa. Padre akamwambia kadi hii ni ya wafu, mwanangu, huoni msalaba? Yule mtu akasema anaona. Akasema, "Muweke kwa walio hai, Padre. Muweke huko na umwache hukohuko." Padre akauliza nia ya misa ni nini basi. Akajibu ni ulinzi. Na padre anasema alitoka analia, tena mtu mzima, na basi lake linapigiwa honi barabara nzima.

Ndiyo, Eudoro. Najua ni wewe.

Sikuhitaji padre ataje jina. Ni nani mwingine mji huu angepewa kadi ya kutishia mtu akashindwa kuiacha iwe uongo? Ni mtoto wa Mama tu, aliyefundishwa kwamba misa iliyoandikwa isipotolewa, roho inadai. Wengine wangeisukuma chini ya mlango wakaenda kunywa bia. Wewe ulikwenda kwanza kuilipia, na ukanihamisha kutoka kwa wafu.

Nilikukasirikia kwanza, na sitaki kukuficha. Ulifika mpaka mlangoni kwetu na hukugonga. Mama yako aliinama na lile goti lake akaokota kadi ya kifo cha mwanawe, na mpaka leo anamwekea maji. Nilitaka kuja kituoni nikutupie usoni mbele ya don Belisario na wote wanaokuita mwamba. Halafu hasira ikapoa, na hofu iliyobaki ikawa kubwa zaidi, maana niliielewa. Nakujua. Hungekubali kuileta ila kama walikuambia usipomtisha wewe, tutamtisha sisi kwa namna yetu. Ulitaka niogope kwa mkono wako nisije nikafikiwa na wa kwao. Kama nimekosea uniambie. Lakini kama nimepatia, basi unajua kitu nisichokijua kuhusu Jumamosi, na ndiyo maana Jumapili mbili umeshindwa kukaa meza moja na sisi.

Nimewaza kuugua, kama bosi alivyoniambia. Ningekaa na Mama tukasikiliza redio, na wewe ungelala usingizi. Kisha kipengele kingekatwa, na mwakani ungeuza basi kwa bei ya chuma, na ungekuwa umenilinda ili upoteze kila kitu. Nitakwenda, Kaka. Nitatetemeka na pengine sauti itakatika, lakini nitasoma mpaka mwisho.

Sikuombi usimame kunitetea wala utaje jina la mtu. Una watoto. Nakuomba ukae kiti cha mbele kabisa, upande wa mlango, na kitambaa chako chekundu begani. Wote wanakujua, na wanajua mimi ni nani kwako. Anayetaka kunifikia alazimike kukupita wewe kwanza, akuangalie machoni. Nitakapoinua uso kwenye karatasi nitatafuta hicho kiti. Nikikiona kitupu nitaelewa pia, na sitakulaumu.

Ijumaa siku tisa zinaisha na Mama ataiondoa glasi. Jumapili saa kumi na mbili ni misa yangu, na umeilipia wewe, kwa hiyo si haki niisikilize peke yangu. Mama anajua tu kwamba tutatoka kanisani kuja kula. Ameshasema atapika ajiako, ile supu ya kuku na viazi vya aina tatu, na amekutengea paja. Amenituma pia nikuulize wifi anapenda mahindi kwenye supu au pembeni.

Wabusu watoto. Mwambie wifi asiwe na wasiwasi, barua hii ni ya mambo ya Mama tu. Vaa lile koti zito, baridi ya asubuhi si rafiki wa mgongo wako. Nimemaliza, mkono umechoka, na pikipiki imesimama nje ya dirisha. Nimechungulia, ni kijana wa mikate.

Ni mimi mdogo wako, niliye hai mpaka ninapotia sahihi hapa,

Aracely