Pumzi za Mnyamwezi

Jumatatu, 3 Juni
Sare mbili za shule zimeisha. Ya tatu nimekosea kola, nimeifumua.

Mwanangu Kalunde ananusa kila kitu. Leo kanusa hata kitambaa nilichofunikia bakuli, akauliza kama kina dawa. Miaka sita, anakagua nyumba kama askari. Yote tangu ile siku hospitali. Muuguzi alimwambia atanusishwa manukato tu. Kisha wakamshika watu wanne, wakambana usoni ile barakoa ya usingizi. Nilimsikia nikiwa nje ya mlango. Alilia mpaka kifua kikambana, upasuaji ukaahirishwa. Ngiri ya kitovu iko palepale. Daktari anasema utumbo ukinasa humo ni hatari. Alhamisi tunajaribu tena. Naogopa. Na nina hasira, sijui nianze na nani.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwambia ukweli. Tunarudi, utapewa usingizi, ngiri itashonwa. Hakulia. Aliingia chini ya cherehani, akakaa huko mpaka ugali ukapoa. Jirani ananishauri nimdanganye kwa soda. Soda! Mtoto huyu sasa akisikia neno tamu anatafuta mlango.

Jumatano, 5 Juni
Tumelazwa. Kalunde kashika kitenge changu, hakiachi.

Jioni alikuja mtoa dawa ya usingizi, Bwana Kondo, mtu wa makamo, mgeni hapa Tabora. Mzaramo wa Kisarawe. Akauliza kabila letu. Nikasema Wanyamwezi. Akamgeukia mtoto bila hata salamu:

"Ala, watani zangu! Ndiyo maana wodi nzima inanuka michembe."

Nilikaribia kumtukana. Mtoto mgonjwa, yeye anamsema kwa viazi vyetu vya kukausha! Kisha nikamwona Kalunde kainua kichwa. Marehemu baba yangu alimfundisha mapema: Wazaramo ni watani wetu tangu misafara ya kwenda pwani, sisi tukiwa na mizigo, wao wakiwa na maneno. Mtani akikutupia, unamrudishia.

"Na wewe unanuka nazi."

Neno la kwanza kumwambia mtu wa hospitali tangu ile siku.

Kondo hakumbembeleza hata kidogo. Alimpa barakoa aishike. Alisema inanuka vibaya, inanuka plastiki, na kesho atakayeishika ni Kalunde mwenyewe. Kisha akaiteka kandambili ya kushoto ya mtoto, ndiyo haki ya mtani, akaondoka nayo. Anayeitaka aje kuikomboa. Kalunde kanuna mpaka usingizi ukamchukua. Kununa, si kuogopa! Nimemshukuru Mungu.

Alhamisi, 6 Juni
Ameweza! Mwanangu ameweza!

Asubuhi machela ilikuja, akaikataa. Nikajua yamekwisha. Kumbe anataka kutembea. Kandambili moja, mguu mmoja peku, njaa tumboni, korido nzima anadai mali yake kwa sauti. Safari hii Kondo aliniombea ruhusa, nikaingia na mwanangu mpaka meza ya upasuaji. Kandambili ilikuwa juu ya mashine. Kondo akasema Wanyamwezi wa zamani walibeba pembe mpaka Bagamoyo, wa siku hizi hawana pumzi, huyu hata puto la mashine halijazi.

Halijazi? Kalunde aliichukua barakoa kwa mikono yake miwili, akaibana usoni mwenyewe, akapuliza kama anawasha jiko la mkaa. Akavuta. Akapuliza. Macho makali, yanamtazama Mzaramo. Kisha yakalegea. Hakuna aliyemshika. Hakuna! Nilitoka nje nikapiga kigelegele. Muuguzi akasema nyamaza, mama. Nikapiga kingine.

Ngiri imeshonwa. Alipozinduka aliulizia kandambili. Ilikuwa mguuni.

Ijumaa, 7 Juni
Kitanda cha pili kuna mtoto kutoka Kipalapala, zamu yake Jumatatu. Analia. Kalunde kamweleza: inanuka vibaya, wakisema manukato usikubali. Kisha kamteka kiatu. Nimemwambia huyo ni Mnyamwezi mwenzetu, si mtani. Hakujali. Mtoto kaacha kulia, anadai kiatu.

Jumapili, 16 Juni
Baada ya ibada nimempelekea Kondo michembe, fidia ya mtani. Kala yote, kasema ni mibaya.

Jioni mkaa umegoma kushika. Kalunde akachuchumaa. Nikamwambia pole pole, mshono bado. Akapuliza kidogo tu.

Ukashika. Nikabandika maji ya ugali.