Muswada Uliotumwa Mwezi wa Likizo

Mpendwa Bi Ingeborg,

Naomba unisikilize kwenye safu yako ya ushauri gazetini, maana nyumbani sina wa kumwambia hili na kazini ndiyo kabisa. Mimi ni karani wa miswada katika wizara moja hapa Kopenhagen, kazi yangu ni kuituma kwa wananchi watoe maoni kabla haijafika bungeni, na kiangazi kilichopita nilishika muswada wa visima vya maji, nikawa nafikiria kuutuma Septemba, ila Flemming, ambaye tulisoma wote na sasa ni msemaji wa chama cha watengenezaji wa dawa za mashamba, akaja ofisini na boksi la stroberi kama afanyavyo kila Juni, akaniambia, "Utume Julai bwana, umalize mapema, mwenye la kusema atasema tu," nami nikautuma, wiki nne za Julai, nikijua fika kwamba Julai nchi nzima iko likizo kwenye vibanda vya pwani na hakuna anayefungua barua ya serikali.

Maoni yaliyorudi yalikuwa ya chama cha Flemming peke yake, kurasa kumi na nne, na kifungu chao cha kuruhusu dawa zinyunyiziwe hadi mita ishirini na tano kutoka kisimani kimeingia kwenye muswada neno kwa neno, wakati awali ilikuwa mita mia tatu, na maji hayo tunayanywa yalivyotoka ardhini bila kutiwa kitu. Sasa baba yangu, Bi Ingeborg, ni mwenyekiti wa kisima cha kijiji chetu huko Jutland, kazi ya kujitolea, huu mwaka wa ishirini na mbili, na barua ya kuomba maoni aliikuta Agosti akitoka kuvua samaki, muda umeshapita, majirani wakamcheka kwamba mwenyekiti alilala kisima kikiondoka, naye akaniambia kwa simu, "Kosa ni langu, mwanangu. Mara moja tu nimetakiwa kukilinda, nikakosekana," na Alhamisi kwenye mkutano wa kijiji anajiuzulu, na kura ya mwisho bungeni ni wiki inayofuata, na mimi bado sijasema neno. Flemming anasema sikuvunja sheria yoyote. Je, ninyamaze nisije nikapoteza kazi, au nimwambie baba?

Mtoto wa Mwenyekiti

Mtoto wa Mwenyekiti,

Pole nampa baba yako kwanza. Wewe nitakufikia.

Kwamba hukuvunja sheria naamini, na hilo ndilo linalonitia shaka zaidi. Flemming alijuaje kwamba muswada uko mezani kwako, wakati hata wabunge hawajauona? Na kurasa kumi na nne haziandikwi katikati ya likizo, mwanangu. Zilikuwa tayari kabla hajabisha hodi kwako.

Hata wewe nina shaka nawe. Umeandika mwenyewe "nikijua fika". Umeniuliza kuhusu kazi yako na kuhusu baba yako, lakini wanaokunywa maji ya visima vingine hukuwauliza hata kidogo. Nimekasirika, sikufichi.

Sasa fanya hivi. Andika yote ya siku ile, tarehe, aliyekuja na alichosema, uyaingize kwenye jalada la muswada, ili mwananchi akiomba jalada ayakute. Nakala ipeleke kwa kamati ya bunge, uombe maoni yakusanywe upya kabla ya kura. Mwone mwakilishi wa chama chenu cha wafanyakazi kabla hujamwona bosi, kwa sababu bosi naye sijui alikula stroberi ngapi. Kazi unaweza kuipoteza kweli, sitakudanganya.

Lakini kabla ya yote, panda treni Jumatano. Ukichelewa hadi Alhamisi, mzee atakuwa ameshawaomba watu radhi kwa kosa lako. Kaa naye jikoni, mwambie tarehe ile uliiweka wewe, na kwa nini, halafu nyamaza umwache akasirike mpaka amalize. Akikuwekea glasi ya maji ya bomba, yatokayo kisimani kwake, yanywe yote.