Chuchu ya Mpira na Wimbo wa Mama

2 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kiuno kimepunguza ukali. Sisi huku hatujambo, ila usingizi tumeusahau. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaitikia "eeh, eeh," kisha kesho yake unaniuliza kila kitu upya.

Mjukuu wako ametimiza miezi minane. Jirani wa ghorofa ya juu amempa jina la Tarumbeta, na simlaumu. Shida ni ile chuchu ya mpira. Nilimpa mwenyewe alipokuwa na wiki tatu, maana kuta ni nyembamba na jirani alikuwa akitugongea sakafu kila mtoto akilia. Sasa hawezi kulala bila hiyo. Ikiwa mdomoni, malaika. Ikidondoka tu, anaamka na kuamsha jengo zima. Jana, usingizi wa mchana peke yake, nimeirudisha mara kumi na moja.

Baba yake yuko safarini na lori, kwa hiyo niko peke yangu. Na tarehe moja Machi natakiwa kurudi kwenye tanuri. Mwenye bekari amesema wazi kwamba nisipofika siku hiyo, nafasi yangu ina mtu. Mlezi niliyempata ni mama mmoja wa mtaa wa pili anayetunza watoto watano nyumbani kwake. Naye kasema wazi: "Mwanangu, nina mikono miwili. Siwezi kushinda naokota chuchu. Mlete akishajua kulala mwenyewe." Mlezi mwingine hakuna, Baba. Nimetafuta.

Mficha uchi hazai, ndiyo maana naomba msaada. Ulikuwa ukiniambia kwamba Mama alinilaza kwa wimbo kila siku, na kwamba nilikuwa nafumba macho kabla haujafika katikati. Niandikie maneno yake, hata mstari mmoja. Nataka binti yangu alale kwa wimbo wa bibi yake.

Mwanao,
Mwokaji mikate


9 Februari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Kiuno kipo, kinanikumbusha umri wangu kila ninapoinama kutafuta sindano. Wateja wanakusalimu. Yule mzee wa posta bado anashonesha suruali moja kwa mwaka na bado anaijaribu mara nne.

Nimecheka kusikia habari za Tarumbeta. Pumzi hiyo kairithi kwako. Wewe ulikuwa ukilia, watu waliokuja kupima nguo wanakumbuka ghafla kwamba wameacha chungu jikoni. Duka letu lilikuwa chumba kimoja wakati ule, pazia katikati, huku cherehani, huku kitanda. Siku hizi nina vyumba viwili na kimya kimejaa vyote.

Katika kifurushi hiki kuna gauni. Kifuani nimeweka utepe na kifungo. Chuchu unaifunga pale, ikidondoka inaning'inia hapohapo na mwenyewe anaiokota. Pindo nimeacha pana, tutaliachia akirefuka. Fundi hashindwi!

Msalimie mkwe wangu akirudi.

Baba yako


14 Februari

Baba,

Shikamoo. Gauni limefika na limemkaa kana kwamba ulimpima. Asante sana. Nililinusa kwanza kabla ya kumvisha. Lina harufu ya chaki na mafuta ya cherehani, nikajikuta niko chini ya meza yako naokota vifungo.

Lakini nilipompelekea mlezi alione, aliligeuza ndani na nje, akasema, "Aliyeshona hili ni fundi kweli, ila hajawahi kulaza mtoto. Utepe huu ukimzunguka shingoni?" Akaukata palepale kwa mkasi wake. Nilisikia aibu, lakini alisema kweli.

Zimebaki wiki mbili. Na kuhusu wimbo hukusema kitu. Najua huwa unasema umeusahau, lakini jaribu. Hata sauti yake tu, niambie ilikuwa ya kupanda au ya kushuka. Kila ninapomweka Tarumbeta kitandani nafungua mdomo na sina cha kuimba.

Mwanao


19 Februari

Mwanangu,

Natumaini mko salama. Nimeisoma barua yako mara tatu, suruali ya mwalimu mkuu imelala mezani bila pindo.

Yule mlezi kasema sijawahi kulaza mtoto. Hapo kanichoma, na mimi ndiye niliyempa sindano.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yangu imefika miaka ishirini na mbili. Hapakuwa na wimbo. Mama yako alikuzaa akiwa mgonjwa na hakutoka hospitalini tena. Alikubeba mara tatu, nilihesabu. Wiki ya tano akafariki. Hakuwahi kulala nawe chumba kimoja, sembuse kukuimbia.

Ulikuwa na miaka mitano uliporudi kutoka shule, umesimama mlangoni na mfuko wako, ukaniuliza mama yako alikuwa akikuimbia nini, kwa sababu kila mtoto darasani alikuwa na wimbo wake. Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa, nikasema alikuimbia mpaka majirani wakasinzia. Ulifurahi sana. Nilishindwa kuurudisha uongo ule kila siku iliyofuata.

Aliyekulaza ni mimi. Kuimba sijui. Nilikuwa nakusomea vipimo vya wateja kutoka kwenye daftari, polepole: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Na wewe ulikuwa na chuchu yako. Kipande cha kitambaa cha marekani, upana wa leso ya mfukoni, ulikinyonya pembe na bila hicho hulali. Niliogopa utakua nacho mpaka ndoa. Basi nikachukua mkasi. Kila baada ya siku tatu nilipunguza upana wa kidole kimoja. Hukujua. Kilipofika ukubwa wa kiganja nikakiondoa kabisa kabla hujakimeza, ukanililia siku mbili, ya tatu ukalala.

Usije ukaikata ile ya mpira! Kipande kitamkaba. Wewe tafuta kingine cha kupunguza.

Nisamehe, mwanangu. Nilitaka na wewe uwe na wimbo.

Baba yako


12 Machi

Mwanangu,

Hamjambo? Tarehe moja imepita, simu zangu hupokei, na sijui kama ulirudi kazini au la. Nimempigia mkwe wangu, akasema mko wazima, kisha upesi akaniuliza habari za kiuno. Hajui kudanganya, mtoto wa watu.

Kama umekasirika, una haki. Lakini niandikie hata matusi.

Baba yako


23 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Nisamehe kwa kimya.

Nilikasirika, sikufichi. Niliunguza uji, nikamfokea mume wangu, aliyepita nyumbani siku moja kati ya safari, kwa kosa la kuwa karibu. Si kwa sababu Mama hakuimba. Ni kwamba tangu utotoni nimekuwa nikimlilia mwanamke anayeimba kando ya kitanda, na mwanamke huyo hayupo. Yule aliyenibeba mara tatu sikuwahi kumlilia hata siku moja. Ilibidi nianze upya, na mtoto analia, na tarehe inakaribia.

Lakini hata katika hasira ule mkasi haukunitoka kichwani. Nikaamua kupunguza muda. Siku ya kwanza nilimwachia chuchu mpaka macho yakawa mazito, nikaitoa kabla hajazama. Alilia dakika arobaini, nami nimekaa kwenye kiti kando yake, mkono wangu mgongoni mwake, tunalia wote. Kesho yake niliitoa mapema kidogo. Siku iliyofuata mapema zaidi, na kiti nikakisogeza nyuma. Jirani aligonga, nikapanda ngazi kumwambia anipe wiki moja. Akanipa, na ndizi akanipa. Siku ya nane nilimlaza bila chuchu, macho wazi. Akanung'unika, akalala.

Tarehe moja nilikuwa bekari saa kumi na moja alfajiri. Mchana nilikimbia kwa mlezi na unga usoni. Akaniambia, "Kalalamika kidogo kama mteja aliyecheleweshewa nguo, kisha kalala mwenyewe. Sasa huyu naweza kumtunza." Kazi ninayo, Baba.

Jana ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilimlaza mchana, akageukia ukuta, akalala. Hakunihitaji kwa lolote. Nilikaa ukingoni mwa kitanda na mikono yangu mitupu, nikaanza kupiga hesabu. Mimi nina miaka ishirini na saba, nina mume, nina mlezi, na siku nane zile karibu zinishinde. Wewe ulikuwa na ishirini na tatu. Mke umemzika, duka liko wazi asubuhi, mtoto analia nyuma ya pazia.

Maisha yangu yote nimekuuliza nani alinilaza mimi. Sijawahi kukuuliza wewe ulikuwa unalala saa ngapi.

Niandikie, Baba. Anza popote.

Mwanao